Maganda Yaliyong'aa Kupita Kiasi

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana humu na uhakiki wa tamthilia, mijadala kuhusu Sheng na tungo za wenzetu wa mwaka wa pili. Naomba radhi basi, kwa maana ninalotaka kusimulia ni habari ya maganda ya risasi. Ilinipata mwenyewe, na imenikaa rohoni tangu majira ya baridi ya mwaka 2022, hata nimeona heri niiandike kuliko kuendelea kuibeba.

Wakati huo nilikuwa katika jimbo la Ohio, Marekani, nilikopelekwa kwa mwaka mmoja kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja. Nilipanga chumba katika nyumba ya mgane mmoja mwenye umri wa miaka 72, fundi mitambo aliyestaafu. Ujana wake ulimfikisha Kenya. Kati ya mwaka 1973 na 1975 alifundisha ufundi katika shule moja ya harambee upande wa Kakamega, akiwa mmoja wa vijana wa kujitolea wa Peace Corps. Kiswahili chake kilikuwa kimeganda pale pale alipokiacha. Alisema "motokaa" bila kuona haya, na nilipotamka "rununu" alinitazama kana kwamba nimemtukana. Mimi nilimwita Mzee, jina lililompendeza mno. Naye aliniita Mwalimu, ingawa nilikuwa na umri wa mjukuu wake.

Baada ya kufiwa na mkewe, Mzee alibaki na raha moja tu: mashindano ya kulenga shabaha kwa bastola. Mchezo wenyewe si wa kusimama tuli na kulenga duara. Mshindani hukimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi, akipiga shabaha za karatasi na za chuma, na alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, IPSC, lilianzishwa mjini Columbia, Missouri, mwaka 1976. Tawi lake la Marekani, USPSA, lilisajiliwa mwaka 1984. Kuna kanuni nyingine iliyonivutia. Risasi dhaifu mno haikubaliwi. Uzito wake katika greni huzidishwa kwa kasi yake katika futi kwa sekunde, jibu likagawanywa kwa 1,000, na lisipofika 125 alama zako hazihesabiwi. Risasi za Mzee zilikuwa na greni 124 na zilienda futi 1,050 kwa sekunde, yaani 130 na ushei. Hakutaka kuzidi hapo, kwa sababu kila kinachozidi hurudi mkononi mwa mpigaji kama teke la punda. Kipimo kama hicho hukipati kwa urahisi dukani, na ukikipata utalipa. Ndiyo maana washindani wengi huokota maganda yao uwanjani, wakayarudisha nyumbani na kuyajaza upya.

Kabla sijaruhusiwa kugusa ganda hata moja, Mzee alinipeleka kununua leseni ya kuwinda. Nilidhani ananitania. Kumbe sheria ya Marekani humkataza mgeni mwenye viza ya muda kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni leseni hiyo; na katika sheria hiyo ganda tupu, fataki na baruti, kila kimoja peke yake, vyote huhesabiwa kuwa risasi. Basi nikawa mwindaji wa jimbo la Ohio ambaye hajawahi kumtisha hata sungura.

Karakana ilikuwa chini ya nyumba, na huko ndiko tulikokaa jioni nyingi, yeye akishindilia, mimi nikichambua maganda na kuandika orodha ya maneno. Ilikuwa raha kwangu. Neno "risasi" tunalitumia kwa metali nzito, kwa kile kinachoruka na kwa kitu kizima kinachotiwa bundukini. Waliotutangulia walikuwa na neno la hicho kitu kizima: "kiasi cha bunduki". "Fataki", ambayo leo ni ya sherehe za mwaka mpya, ilikuwa kile kikofia kidogo kinachopigwa ili baruti iwake. Kushindilia ndiko kulikokuwa kuijaza bunduki ya gobori. Hata kile chombo cha chuma ambamo ganda husukumwa ili lirudie umbo lake tulikiita kalibu, na Mzee alicheka nilipomweleza kwamba inaaminika neno wanalotumia Waingereza kwa kipenyo cha bunduki lilitokana na Kiarabu hicho hicho kilichotupa kalibu yetu.

Ganda la bastola ya milimita 9 ni dogo. Urefu wake hauzidi milimita 19.15. Limetengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu asilimia 70 iliyochanganywa na zinki asilimia 30. Baruti inapowaka, mgandamizo ndani yake huweza kufika pauni 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi. Kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho, ganda hutanuka likabana kuta za chemba na kuizuia gesi isirudi nyuma usoni mwa mpigaji, kisha likanywea kidogo ili liweze kung'olewa na kutupwa nje. Lakini halinywei likawa kama lilivyokuwa. Kalibu ndiyo hulisukuma lirudi, halafu hupanuliwa mdomo, likabanwa tena likiwa na risasi mpya. Kila mara shaba inapokunjwa na kukunjuliwa namna hii inazidi kuwa ngumu, na ugumu huo ndio unaoivunja hatimaye.

Mzee alikuwa na mkebe wa biskuti alioubandika karatasi yenye neno moja: "Wagonjwa". Humo alihifadhi maganda yaliyomshinda kwa miaka 30. Jioni ya kwanza alinimwagia mezani, akaniambia nisome.

Mengi yalikuwa yamepasuka mdomo, ufa ukishuka wima kama mpasuko wa kanzu. Huo, alisema, ni ugonjwa wa uzee, na aghalabu hauui. Hatari yake ni kwamba mdomo uliopasuka haushiki risasi sawasawa. Bastola inapoivuta risasi kutoka kwenye kishikizo chake na kuisukuma chembani, ncha hugonga chuma. Kama haikushikwa imara huzama ndani ya ganda, nafasi ya baruti ikapungua, na nafasi ikipungua mgandamizo hupanda.

Mengine yalikuwa na kitumbo karibu na kitako. Katika bastola nyingi chemba huchongwa kidogo upande wa chini ili risasi ipande kwa urahisi, kwa hiyo sehemu hiyo ya ganda hubaki bila ukuta wa kuiegemeza. Mzee alinionyesha moja lililokuwa limepasukia hapo, likiwa na masizi meusi, kama kinywa cha mtu aliyepigwa. "Hili lilikuwa zuri," akaniambia. "Nililitia kalibu, kitumbo kikapotea. Kalibu ilirudisha umbo. Nguvu haikuirudisha." Gesi yote ilikuwa imeshuka mkononi mwake na kukitupa kishikizo cha risasi chini. Aliponea kwa sababu ya miwani na bahati.

Kulikuwa na ganda lisilo na kichwa wala kiwiliwili, kitako peke yake. Baadhi ya watengenezaji huacha kidato ndani ya ganda ili kupunguza nafasi ya baruti, na kwenye kidato hicho ndipo hukatika likijazwa tena: kitako kikatoka, kiwiliwili kikabaki chembani, na risasi inayofuata isipate pa kuingia. Maganda ya namna hiyo nilifundishwa kuyatambua kwa kuchungulia ndani kwa tochi, nikayatupa bila huruma. Tena yalikuwepo yale ambayo kishimo chake cha fataki kilikuwa kimelegea, dalili kwamba kuna siku yalijazwa kupita kiasi. Hayo Mzee hakuyaeleza sana. Alisema tu kwamba yalikuwa ya mwaka aliofiwa na mkewe.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mzee hakuyaosha maganda kwa maji. Alikuwa na mashine ya kutikisa iliyojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na humo maganda yalikesha yakisuguana mpaka masizi yakatoka. (Nilipoona mara ya kwanza magunzi yakiuzwa kwa kilo, nilimkumbuka nyanya yangu na meko yake.) Mwishoni mwa Novemba, Mzee alipokwenda kwa bintiye kwa Sikukuu ya Shukrani, mashine hiyo ilikuwa imekatika ukanda. Niliachwa peke yangu kwa siku nne na ndoo ya maganda machafu, nikataka kumfurahisha.

Nilikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya shule ya upili. Kila Ijumaa tuling'arisha tarumbeta zetu kwa dawa ya majimaji yenye harufu inayopanda puani hadi machozi. Katika duka la vifaa la mjini nikaikuta dawa ya namna hiyo, harufu ile ile. Nilinunua chupa mbili. Niliyasugua maganda 300 moja baada ya jingine, nikayaosha kwa sabuni, nikayaacha yakauke kidogo, kisha nikayarudisha kwenye ndoo pamoja na mengine na kufunika kifuniko. Yaling'aa kama meno ya dhahabu.

Mzee aliporudi alichota gao la maganda akaligeuzageuza. "Ajabu! Umetumia nini, Mwalimu?"

"Sabuni na jasho, Mzee," nikajibu.

Ulikuwa mzaha, na nusu yake ilikuwa kweli. Sikuona sababu ya kuitaja dawa. Labda, nikisema ukweli mtupu, nilitaka sifa iwe ya mikono yangu.

Wiki hiyo alishindilia risasi karibu 500 kutoka kwenye ndoo ile. Nami, nikiendelea na orodha yangu ya maneno, niliazima kitabu chake cha mwongozo wa kushindilia. Nilifika kwenye ukurasa wa kusafisha nikakuta onyo: usitumie kamwe dawa yenye amonia juu ya shaba. Nilishuka chini nikaitafuta chupa kwenye taka. Amonia ilikuwa imeandikwa wazi miongoni mwa vilivyomo.

Usiku ule nilisoma kwenye intaneti mpaka alfajiri. Katika karne ya 19, jeshi la Uingereza nchini India lilisumbuliwa na maganda ya shaba yaliyopasuka yenyewe ghalani, bila ya kupigwa. Yalipasuka majira ya mvua, na kwa sababu hiyo tatizo likapewa jina la majira. Maganda hayo yalikuwa yakihifadhiwa katika mazizi ya farasi. Mpaka mwaka 1921 ndipo wataalamu walipoeleza kisa: mkojo wa farasi hutoa amonia, amonia ikikutana na unyevu huila shaba, na shaba iliyokwisha kukunjwa na kuvutwa hubaki na mvutano wa ndani unaosubiri pa kupasukia. Vitu vitatu vikikutana, yaani shaba yenye mvutano, amonia na muda, ufa huzaliwa mahali ambapo jicho halioni chochote. Na mimi nilikuwa nimeyafungia ndani ya ndoo yakiwa na unyevu.

Ningemwambia asubuhi. Asubuhi ikaja, Mzee akapika uji wa shayiri huku akiimba, nikanyamaza. Nilijiambia kwamba nimeyaosha vizuri, kwamba dawa ilikaa kidogo tu. Wanafunzi wa fasihi tumefunzwa kutafuta tafsiri nyingi za jambo moja, na sijawahi kuutumia ujuzi huo kwa bidii kama nilivyoutumia siku hizo nane.

Jumapili ya pili ya Desemba tulikwenda mashindanoni. Wakati wa baridi hupigwa ndani ya ukumbi. Katika zamu ya tatu, Mzee akiwa katikati ya mbio, bastola ilikwama. Aliivuta, ikamwaga chembe za baruti sakafuni, risasi ikatoka ikiwa imezama nusu ndani ya ganda lake. Alipoteza kama sekunde tisa. Katika zamu ya nne ikakwama tena. Vijana wa kilabu walimpigapiga bega. Yeye aliokota lile ganda, akalishika karibu na uso, akalisogeza mbali, akalirudisha. Mdomo ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama unywele.

"Huu ufa," akasema, "nilipaswa kuuona."

Njiani hakuzungumza. Jumatatu hakushuka karakana. Jumanne jioni nilimkuta mezani akiifuta ile bastola, na sanduku lake likiwa limefunguliwa kando. Kuna kijana wa kilabu aliyekuwa akiitaka kwa muda mrefu, akaniambia, na sasa angempa.

"Mimi nimekwisha, Mwalimu. Macho yameniacha. Mtu asiyeona ufa ataumiza wenzake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nakumbuka nilikiweka chini polepole, kana kwamba nacho kingepasuka.

"Mzee, nina neno. Halikuwa jasho."

Nilimweleza yote: tarumbeta, chupa mbili, onyo la kitabu, farasi wa India, na siku nane. Hizo siku nane ndizo zilizokuwa ngumu kutamka. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama wazee wetu wanavyosikiliza kesi. Nilitazamia ghadhabu, na nadhani ningefarijika lau ingekuja. Badala yake aliniuliza swali moja tu: kama yale maganda niliyoyasugua naweza kuyatambua. Nikasema naweza, yanang'aa kuliko mengine.

"Basi twende chini."

Zilibaki risasi 412 zilizokwisha kushindiliwa. Kuna kifaa kinachofanana na nyundo ya plastiki yenye kichwa kitupu. Unaitia risasi ndani kwa kitako, unagonga sakafu mara tatu, na ncha pamoja na baruti humwagika kichwani mwa nyundo huku ganda likibaki. Tuligonga usiku huo na usiku uliofuata. Mzee aliirudisha baruti kwenye chupa yake, nami nilipanga maganda katika safu mbili, yanayong'aa na yasiyong'aa. Hatukuongea mengi. Kila baada ya ganda kadhaa aliinua moja kwenye taa, akatumia kioo cha kukuzia, akalirusha kwenye mkebe wa wagonjwa au akaliacha.

Mpaka usiku wa pili tulikuwa tumepata yaliyopasuka 11. Manane yalitoka kwenye safu yangu. Matatu hayakuwa yangu. Yalikuwa maganda makuukuu yaliyojazwa mara nyingi na ambayo hayakuwahi kuiona dawa.

Niliyashika hayo matatu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mzee aliniona. "Usiyatumie kujitetea," akasema, "wala mimi sitayatumia kujihukumu. Pengine ni dawa. Pengine ni uzee wa shaba. Pengine ni macho yangu kweli. Yote yanaweza kuwa humo ndani ya ndoo moja." Yale niliyoyasugua yote, mazima na mabovu, aliyamimina katika gunia la vyuma chakavu, ingawa mengi hayakuonyesha kasoro. Nilimwambia nitayalipa. Akanijibu kwamba maganda huokotwa bure uwanjani, na kwamba nisiwe na wasiwasi juu ya kitu ambacho si bei yake.

Yakabaki yale ya safu ya pili, mia moja na kitu. Hapo ndipo Mzee alipofanya jambo ambalo hakuwahi kunionyesha. Aliteka maganda matano katika kiganja, akafunika kwa kiganja cha pili, akayatikisa. Zamani, akaniambia, hakuhitaji kioo. Maganda mazima yakigongana hulia kama sarafu. Likiwepo lenye ufa hata moja, hulia kama kigae. Fundi aliyemfundisha alichambua hivyo, na yeye pia kwa miaka mingi. Lakini alikuwa amefanya kazi miaka 31 kando ya mashine za kiwanda, na alivaa vifaa vya kusaidia kusikia katika masikio yote mawili.

"Hii sauti iliniacha kabla ya macho," akasema. "Sikumwambia mtu."

Kisha akainua viganja vyake vilivyofumbata hadi karibu na sikio langu, akatikisa.

"Wasemaje?"

"Mazima, Mzee. Nadhani."

"Usinadhanie. Sikiliza tena."

Akatikisa tena. Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka, na barabara yote ilikuwa kimya. Nilifumba macho. Kulikuwa na kitu kimoja ndani ya mlio ule, kitu kifupi, kisichofanana na wenzake.

"Limo moja," nikasema.

Alifumbua viganja, akanisogezea taa.